Hainuki Mtu Kabla Njia Haijaisha

Mwalimu alikuwa mtu wa kukuudhi hata pale anapokuwa na haki, na mara nyingi alikuwa na haki. Nalisema hili mapema ili nisionekane namsifu kwa sababu tu ya yaliyomkuta. Tulikuwa majirani kule Mabatini, nyumba yake juu kidogo ya yangu, ile iliyoegemea jiwe kubwa, na mjini tulionana karibu kila jioni dukani nilikofanya kazi ya kutaipu. Alifundisha fizikia sekondari. Wanafunzi walikuwa na jina lao la kumwita ambalo sitalitaja. Sisi wengine tulimwita Mwalimu, na hata mkewe, alipokuwa hai, alimwita hivyo hivyo.

Huwezi kumkumbuka Mwalimu bila kukumbuka gemu lake. Miaka ile biashara ilikuwa imefunguliwa, vitu vya nje vinaingia mjini kila wiki, redio, mitumba, sabuni za kila rangi. Bosi wangu, Mhindu mzaliwa wa Mwanza aliyejua Kisukuma kunishinda mimi, akanunua kompyuta mbili zilizotumika, akaziweka pale zilipokuwa mashine za taipu. Zikakaa. Hakuna aliyejua hata pa kuziwashia. Mwalimu, ambaye aliwahi kusoma nchi za baridi, akajitolea kutufundisha baada ya vipindi vyake, kwa sharti kwamba tukimaliza aachiwe moja afanyie mambo yake. Bosi alidhani ni mambo ya mitihani. Kumbe ni vita vya angani.

Aliiandika programu mwenyewe, kwa miezi, huku akiuma kucha. Kioo cheusi, katikati duara ambalo ndilo dunia, na nukta mbili zinazolizunguka ambazo ndizo vyombo vya vita, kimoja chako na kimoja cha adui. Kila mtu ana mafuta yake na makombora yake. Unaandika unaelekea upande gani na unachoma mafuta kiasi gani, kisha kompyuta inaichora njia yako nukta moja moja, polepole kama bibi anayeokota mchele, maana kila nukta ilibidi ipigiwe hesabu ya namna dunia inavyokivuta chombo. Kabla mzunguko mmoja haujaisha ungeweza kunywa chai, ukaosha kikombe, ukarudi.

Wengi walikaa mara moja wakaondoka wanasonya. Walitaka kufyatua na kulipua. Mwalimu hakutaka kusikia hayo. "Gari ukiacha kukanyaga mafuta linasimama," alikuwa akituambia. "Huko juu hakuna barabara ya kukusugua. Ukishasukumwa, umesukumwa. Ukitaka kusimama, lipia tena." Na tulipolalamika kwamba gemu lake linaonea watu, alijibu, "Hesabu haina mjomba." Neno hilo alilitumia kwa gemu, kwa alama za wanafunzi, kwa bei ya sukari, mpaka ukatamani kumfunika mdomo.

Kitu kilichonishinda kabisa ni hiki. Tuseme adui yuko mbele yako kwenye njia hiyo hiyo na unataka kumkamata. Mtu yeyote mwenye akili timamu atachoma mafuta amkimbilie. Ukifanya hivyo, chombo chako kinapanda juu, na huko juu njia ni ndefu na mwendo ni wa pole, kwa hiyo unamwona mwenzako anakuacha. Kadiri unavyomkimbilia ndivyo unavyobaki nyuma yake. Inatakiwa upunguze mwendo. Ukipunguza unashuka, na chini njia ni fupi na chombo kinakimbia, unazunguka, unamkuta. Nilimwambia Mwalimu huo ni uchawi. Akacheka mpaka miwani ikamtoka, kisha akanifundisha kwa jioni tatu au nne, mpaka nikakubali bila kuelewa.

Yeye aliyaishi hayo hata barabarani. Hakukimbilia gari maishani mwake. Gari likianza kuondoka, sote tunalifukuza tunapiga bati, yeye anasimama palepale na mkoba wake, anasema, "Lingine litakuja." Lilikuja, ndiyo, na yeye akafika kila mahali amechelewa. Alichelewa harusi, alichelewa mikutano ya shule, na siku ya ubatizo wa mwanangu alifika watu wanaosha sufuria. Mtu wa hesabu kali namna ile, na saa mkononi. Mfukoni alibeba kalamu tatu, na bado akaazima yangu.

Sheria aliyoipenda kuliko zote haikuwa ndani ya kompyuta. Aliitoa kinywani. Katika gemu lile mafuta yakikuishia huwezi kugeuka, huwezi kukwepa, huwezi hata kupunguza. Unatazama tu chombo chako kinavyokwenda kule kinakokwenda. Wengi walitaka kuinuka hapo, wakubali wameshindwa, waende zao. Mwalimu alikataa. "Hainuki mtu kabla njia haijaisha," alisema. Aliyeishiwa mafuta akae mpaka njia yake ifike mwisho, na adui yake naye akae, hata kama ameshashinda. Tena aliyeshinda ndiye aliyekazwa zaidi. Asipige miluzi, asisome gazeti. Akae atazame pamoja na mwenzake.

Namkumbuka Bosi Jumamosi moja. Bosi alicheza kama alivyofanya biashara, kwa kishindo, mafuta yote na makombora yote mwanzoni, akimaliza anajipangusa mikono. Siku hiyo kombora moja lilimkosa Mwalimu, likapita, likazunguka dunia. Likarudi palepale lilipofyatuliwa, na Bosi naye alikuwa anapita hapo. Alipoona nukta yake mwenyewe inamjia akataka kuinuka, eti kuna mteja wa bahasha.

"Kaa," Mwalimu akamwambia.

"Mwalimu, hii si imeshaisha? Nimekufa, basi."

"Bado hujafa. Utakufa kombora likifika."

"Sasa nikae nifanye nini?"

"Ukae."

Bosi akakaa. Mteja akahudumiwa na mimi. Ikachukua muda mrefu mno, na nilipogeuka niliwaona wazee wawili wametulia bega kwa bega, wanaitazama nukta ndogo inakuja, na Bosi, mtu asiyeweza kukaa hata kanisani kwenye harusi za wafanyakazi wake, ametulia. Baadaye alinong'ona kwamba ilikuwa afadhali kidogo kuliko kuinuka. Akamtania Mwalimu kwamba angempa hiyo kazi ya kukaa na wadeni wake.

Mwalimu huyo huyo aliogopa maji. Kuzaliwa na kuzeekea kando ya ziwa, kufundisha watoto kwa nini chuma kinaelea, halafu kivuko humpandishi. Alipoalikwa Sengerema na walimu wenzake, alikuwa na homa, au ana mitihani ya kusahihisha. Na kivuko cha kutokea mjini, kile kinachokata ghuba, hakukitazama hata kwa jicho. Akibanwa kabisa alisema angezunguka Usagara, kwenye kivuko cha kule kusini, ambako maji ni membamba. Safari ndefu kwa sababu ya maji machache. Tulimcheka sana. Na yeye alimcheka Bosi kwa ndimu na pilipili zilizotundikwa mlangoni pa duka kufukuza husuda. "Mwenzangu," alimwambia, "husuda ina uzito wa kilo ngapi? Ielekee upande gani?" Bosi akamwambia waliosoma sana nao watakuja kutundika ndimu siku yao ikifika.

Mtu pekee aliyemshinda Mwalimu mara kwa mara ni Kabula, binti yake, mtoto pekee. Alikuwa karani wa benki Dar es Salaam, na akija likizo walikaa dukani baba na mwana mpaka tunafunga. Kabula hakuwa na papara. Alichoma mafuta kidogo, kama mtu anayetia chumvi, kisha akangoja. Mwalimu anahangaika, anapanda, anashuka, Kabula anakula karanga. Mwisho baba ameishiwa, na binti bado ana tangi karibu zima. "Haya Baba, kaa sasa," alimwambia, na Mwalimu alikaa, uso umejaa fahari kuliko siku zote alizoshinda.

Kabula akarudi Mwanza akiwa mgonjwa. Ulikuwa ule ugonjwa. Wakati huo hatukuutaja jina, tuliuita ugonjwa basi, na kila mtaa ulikuwa na nyumba yake. Hakukuwa na dawa ya kuutuliza kama leo, au kama ilikuwapo ilikuwa huko duniani, si kwetu. Nilipomwona anashuka na begi lake dogo, shingo imekuwa kama ya mtoto, nilijua. Mwalimu alijua pia. Mtu aliyetumia maisha yake kuwaambia watu kwamba hesabu haina mjomba angekosaje kujua?

Hapo ndipo nilipomwona mtu nisiyemjua. Yule asiyekimbilia gari akaanza kukimbia. Alimpeleka Kabula hospitali, na daktari kijana akamwita pembeni barazani, akamwambia kwa adabu amrudishe nyumbani akae na watu wake. Alinisimulia maneno hayo. "Akae! Nimempeleka atibiwe, ananiambia akae." Akaenda Magu kwa bibi wa mizizi. Akaenda Kisesa kwa watu wa maombezi, yeye ambaye Jumapili alikuwa anasahihisha madaftari. Siku moja nilipanda kwake nikaona juu ya mlango pametundikwa kamba, na kwenye kamba ndimu na pilipili. Nilisimama pale nikashindwa kucheka, nikashindwa kupita. Bosi nilimwambia nikidhani atatania, lakini aliinama tu akaendelea kupanga bahasha.

Kumbe Bosi alikuwa ameshampelekea ile kompyuta ya zamani. Dukani tulikuwa tumepata mpya. Mwalimu akaiweka kwenye stuli karibu na kitanda, na nikitoka kazini nilicheza na Kabula, nafasi ya baba yake, kwa kuwa baba yake hakuwapo. Alikuwa njiani kila siku, anatoka kwa huyu anakwenda kwa yule. Akirudi anakuwa na kitu kwenye gazeti, anachemsha, anamnywesha, anamtazama machoni, na asubuhi ameondoka tena.

"Dada," Kabula aliniambia jioni moja, mkono wake juu ya kibodi mwepesi hata vitufe havishuki vizuri. "Baba anamkimbilia aliye mbele."

Nikajifanya nasoma kioo.

"Mwambie apunguze. Mimi nampita kila siku hapa, hanikuti."

Nilimwambia. Nilimngoja getini nikamwamkia, nikamweleza kama nilivyotumwa, neno kwa neno. Mwalimu alinitazama kwa hasira ambayo sikuwahi kuiona kwake.

"Binti, hili si gemu."

"Najua, Mwalimu."

"Kama unajua, usiniletee maneno ya gemu. Nikikaa, maana yake nimekubali. Unataka nikubali?"

Mimi pia nina mtoto, na nadhani ningekimbia mpaka miguu itoke. Nilichojua ni kwamba aliyekuwa kitandani alimtaka baba yake, na baba yake alikuwa Magu.

Kisha watu wakamwambia kuna mzee mbele ya Sengerema anayetoa dawa ya kunywa, watu wanatoka Kagera wanamfuata. Mwalimu akasema anakwenda. Kabula alikuwa ameshaacha kula kitu kigumu. Mimi na mama mmoja wa kanisani tulimsihi asiende wiki hiyo. Akasema atakwenda na kurudi kesho yake. Nikamwambia basi apande kivuko cha hapa mjini, ndicho cha karibu. Akakitazama kule chini, maji yanang'aa. Akasema atazunguka Usagara. Nilimwona akishuka mtaani na mkoba wake wa shule. Lilipopita gari alilikimbilia, akalipiga bati kama sisi wote.

Kesho yake hakurudi. Ilikuwa msimu wa pamba, na kule kwenye maji membamba malori yalikuwa yamejipanga yanangoja kuvuka, watu wamelala chini ya matela. Sisi hatukujua. Hakukuwa na simu za mkononi, tulichokuwa nacho ni macho ya kutazama barabara. Keshokutwa yake sikwenda kazini. Mchana ule Kabula akaniomba nisiinuke, na sikuinuka. Nilikuwapo mpaka mwisho. Mwalimu alifika jioni, vumbi mpaka kwenye kope, ameshika chupa ya soda iliyozibwa kwa gunzi, akawakuta wanawake wameketi chini mlangoni. Aliiweka chupa juu ya jiwe kwa uangalifu, kama ya mtu mwingine, akakaa kando yake, na maji machungu yale yalibaki humo mpaka tulipomaliza matanga.

Hakuniuliza kitu siku hiyo, wala siku ya kuzika, wala baadaye. Tulipokutana njiani alinijibu marahaba akapita. Muda si mrefu akaacha kazi, akahamia Kisesa kwa ndugu zake, akawa mtu wa mihogo na kuku. Niliumia, sitaki kudanganya. Nilidhani ananichukia kwa kuwa nilikaa pale alipopaswa kukaa yeye.

Ilipita miaka kadhaa, ndipo alipotokea mlangoni pangu. Bosi alikuwa amemwachia mwanawe duka, nami nilikuwa na ofisi yangu ndogo ya kutaipu na kutoa kopi, jirani na njia ya kwenda sokoni, yenye kompyuta mpya kiasi chake. Mwalimu alikuwa amepungua, shati linampwaya, mfukoni hamna kalamu hata moja. Tulisalimiana. Nikampa kiti, nikampa chai. Alikunywa yote, kisha akatoa mfuko wa plastiki wa mkate, na ndani ya mfuko mlikuwa na disketi.

"Ile kompyuta ya kule nyumbani imekufa," alisema. "Nilitaka kuona kama hii bado inafunguka."

Ilifunguka. Kioo cheusi, duara, nukta mbili. Nikavuta kiti changu upande wa adui, sikuwa nimeketi hivyo tangu siku zile. Mwalimu akaandika upande, akaandika mafuta, na nikaona ameandika mafuta yote, yeye aliyemcheka Bosi. Akabonyeza.

Ilikuwa kompyuta ya kisasa, na hesabu iliyoisumbua ile ya zamani mchana kutwa kwa hii haikuwa kitu. Njia yote ilijichora mara moja. Duara, mstari, mwisho. Nilikuwa bado sijaegemea kiti.

Mwalimu akakitazama kioo. Akakisogelea, akagusa pale mstari ulipoishia.

"Imekwisha?"

"Imekwisha, Mwalimu. Hii ni mashine ya kasi."

Nje mtu alikuwa anauza sato kwa sauti. Alipozungumza hakunigeukia.

"Na yeye ilikuwa hivi?"

Nilielewa anachouliza.

"Hapana, Mwalimu. Ilikwenda polepole. Ilichukua mchana wote."

"Ulikaa?"

"Nilikaa."

"Hukuinuka."

"Sikuinuka. Hata maji nililetewa."

Akaitikia kwa kichwa mara kadhaa. Kisha akaazima kalamu yangu, akapiga hesabu kwenye kiganja, akaifungua ile programu na kuanza kusoma mistari yake ya zamani, akisogeza midomo. Aliongeza kitu. Akanieleza, kwa sauti ile ile ya darasani, kwamba ameiagiza kompyuta ihesabu bure, moja mpaka maelfu, kabla ya kuweka kila nukta, ili ichelewe. Akajaribu, ikawa bado ya kasi. Akaongeza. Akajaribu tena mpaka ikawa vile ilivyokuwa.

Akachoma mafuta yote, akabonyeza. Nukta ya kwanza ikatokea. Tukangoja. Ikatokea ya pili.

Mteja akasimama mlangoni na karatasi zake za kutoa kopi. Nikamwambia tumefunga, arudi kesho.

"Sasa niambie," Mwalimu akasema. Mikono yake ilikuwa juu ya magoti, macho kwenye kioo. "Anzia asubuhi. Usiruke kitu."

"Asubuhi alikunywa uji, nusu kikombe," nikasema. "Alitaka dirisha lifunguliwe ili aone barabara. Nikalifungua. Akauliza kama ndiyo magari ya Usagara yale."

Nukta nyingine ikatokea, na Mwalimu hakuinuka.